Unyayo Mwekundu wa Mfalme Simba

Paukwa!

—Pakawa!

Aa, nani huyo anaitikia kwa kunong'ona? Unaogopa? Basi ogopa vizuri, maana hadithi yenyewe ni ya waoga. Paukwa!

—Pakawa!

Alikuwako Bi Pimbi, mnyama mdogo wa kwenye mawe. Alikuwa na watoto watatu. Fisi akala wawili, kacha! kacha! Akabaki mmoja.

Bi Pimbi akaenda barazani kushtaki. Wanyama wakamfuata wakipaza sauti: "Fisi afungwe! Fisi afungwe!" Lakini Fisi alikuwa mpambe wa Mfalme Simba. Ndiye aliyembebea nyama, ndiye aliyecheka mfalme akicheka.

Simba akapiga mwayo, aaauuu. "Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji," akasema. Akachovya mguu kwenye udongo mwekundu, akambandika Fisi unyayo kwenye paji la uso, pwaa! "Nimemsamehe." Na desturi ya huko ilikuwa moja: aliyepigwa unyayo haguswi.

Bi Pimbi akarudi nyumbani. Hakukaa sana, akasikia kucha juu ya mawe, kra, kra, kra.

"Hodi, Bi Mashtaka," akasema Fisi mlangoni. "Ulinishtaki kwa wawili. Nimekuja kukamilisha watatu."

Moyo wa Bi Pimbi ukadunda, du! du! du! Mtoto amemng'ang'ania mgongoni, na pango halina mlango wa pili. Mngefanyaje nyie? Yeye alibaki na ulimi tu.

"Karibu, Bwana Fisi. Ila nakuhurumia. Msamaha wako ni nusu."

"Nusu vipi?"

"Unyayo hufunika kosa lililotajwa. Mimi nilitaja wanangu wawili tu. Mengine je? Siku mfalme akiamka na kisirani?"

Fisi akajipapasa paji. "Mengine ni mengi."

"Kayataje yote, bwana. Kwani hakupendi?"

"Ananipenda sana!"

"Basi. Ukirudi utakula kwa raha zako. Sisi tutakwenda wapi?"

Fisi akatoka mbio. Bi Pimbi akambeba mwanawe, akapanda jiwe refu lililo juu ya baraza, kwani adui usiyemwona anatisha zaidi.

"Mfalme, nilikula mtoto wa Swala," akaanza Fisi pale barazani.

Simba akapiga mwayo. "Nimesamehe." Pwaa!

"Nilikula bibi yake Sungura."

"Nimesamehe." Pwaa!

"Nilikula Nguchiro na mkewe, siku ya harusi yao."

"Nimesamehe." Pwaa!

Wanyama wakalia, wakagaragara chini. Simba hata shingo hakugeuza. Uso wa Fisi ukawa mwekundu mpaka masikioni. Kule juu, Bi Pimbi akachungulia. Ole wangu, akawaza, anasamehewa yote huyu, anarudi!

"Na lile ini la nyati," akasema Fisi kwa furaha, "ulilojiwekea la sikukuu, nikamsingizia Mbweha..."

Simba hakupiga mwayo.

"Ini gani?"

"Lile... lile nono, mfalme."

"Ini langu?"

"Nilidhani msamaha..."

Ngrrraum! Kacha! kacha! kacha!

Wanyama wakashangilia, wakarukaruka. Bi Pimbi hakushangilia. Alimwona Simba akijipangusa mdomo na kuuliza, "Nani atanibebea nyama sasa?" Akajitokeza Chui, anatabasamu. Simba akachovya mguu kwenye udongo. Pwaa!

"Nimekusamehe."

"Kwa kosa gani, mfalme?" Chui akauliza. "Mimi sijafanya kitu."

"Utafanya."

Ndiyo maana mpaka leo, wakati wenzake wanaota jua, lazima Pimbi mmoja akae juu ya jiwe akilinda. Si kiburi, ni woga.

Hadithi nimeitua hapa. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, msiseme nani kaisimulia. Na funzo lake, wanangu, lishikeni: mkubwa akikupenda, mwambie kila kitu, ukweli haumdhuru mtu. Muulizeni Fisi.