Sega la Kwanza la Nyamizi

Hapo zamani, miti ya msituni ilipokuwa bado ikiitwa kwa majina ya watu waliotundika mizinga yao juu yake, palikuwa na mjane jina lake Kalunde. Mumewe alimwachia mizinga mingi na mtoto mmoja wa kike, Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mtoto mpole. Mpole mno. Ukimtikisia kibuyu chenye mbegu, anakitazama tu. Ukimwekea ndizi mbele yake, hatambai kuifuata. Wenziwe walitambaa mpaka jikoni, wakaunguza vidole kwa kutaka. Yeye alikaa pale alipowekwa, kama mtungi.

"Kalunde, mwanao hasumbui," majirani walisema. "Una bahati."

Kalunde akacheka nao. Kisha akaingia ndani akalia.

Wazee wa kale walisema hivi: ndani ya kichwa cha kila mtu mna vilango vidogo visivyohesabika. Jambo jema likikaribia, hutanguliza mpiga mbiu wake. Mpiga mbiu anabisha hodi. Kilango kikifunguka, mtu anasikia: hili ni jema, lifuate. Kisipofunguka, hasikii kitu, anakaa. Na vilango vya mtoto bado ni udongo mbichi; jinsi vinavyobishwa ndivyo vinavyokauka. Siku hizi waliosoma wanaviita vipokezi, na mpiga mbiu wanamwita dopamini. Jina ni lao. Vilango ni vya wote.

Basi vya Nyamizi vilikuwa vichache, na mabawabu wake wazito wa usingizi.

Siku moja Kalunde akachovya kidole katika asali, akampaka mwanawe ulimini. Mtoto akatoa macho. Akacheka. Halafu akanyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, akashika kile kidole cha mama yake, akakivuta.

Nani angeacha hapo? Kalunde hakuacha.

Leo kidole. Kesho vidole viwili. Baadaye kata nzima ya kuchotea, na mwisho chungu kikawekwa kando ya mkeka. Mtoto akilia, asali. Akinyamaza, asali. Akikaa bure, asali. Na kicheko kile kikapungua, kikapungua, kikaisha. Mgeni akibisha hodi kutwa kucha, mwenye nyumba atafanya nini? Atafunga. Vilango vya Nyamizi vikafungwa kimoja baada ya kingine, hata vile vichache vilivyokuwa wazi.

Akakua akawa binti wa kuteka maji, lakini maji hakuteka. Midomo inang'aa asali, anasema, "Mama, hii haina ladha. Leta ya mti mwingine."

Ndipo akaja Nyanzala, dada wa marehemu mume wa Kalunde, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Akasimama mlangoni, akamtazama binti, akakitazama chungu.

"Wifi," akasema, "huyu unamlea au unamkausha kama samaki?"

"Usimseme mwanangu."

"Yeye simsemi. Nakisema chungu."

Akamshika Nyamizi mkono. "Naondoka naye. Kwangu hakuna mzinga hata mmoja."

Kalunde akaushika mwimo wa mlango. Angeweza kukataa, mtoto ni wake. "Akinichukia je?"

"Atanichukia mimi, wifi. Nina mgongo wa kubebea."

Kalunde akauachia mwimo.

Na kweli Nyamizi alimchukia. Alilia, aliuma, alimwaga uji. "Shangazi, wewe mchawi."

"Mchawi hapiki, mwanangu. Kula."

Akageukia ukuta, akinywa uji kidogo tu, akalala hivyo, mvua zikaanza na mvua zikaisha. Watu wakanong'ona kwamba Nyanzala anamuua mtoto wa kaka yake. Nyanzala alichoma kiazi, akakiweka kando ya mkeka. Kikipoa, akakiondoa. Alichoma kingine, akakiweka. Kikipoa, akakiondoa. Akang'atwa alipong'atwa, akatukanwa alipotukanwa, na kiazi akaweka.

Asubuhi moja Nyamizi akamega kipande. Akatafuna. Akasita.

"Shangazi, kiazi hiki umekitia nini?"

"Nimekitia moto."

Akakila chote, akalamba na majivu vidoleni. Vilango vilikuwa vimeanza kuachia. Siku zile akaanza kusema maji ya kisima ni matamu, na moshi wa asubuhi unanukia. Nyanzala akaenda nyuma ya nyumba akachimba viazi vingine.

Lakini kuonja si kwenda. Kilicholetwa, Nyamizi alikila kwa raha. Cha kufuata, hakukifuata. Akaketi nje juani, sasa anatabasamu.

Ndipo akaja mlembe.

Mlembe kila mrina asali anamjua: yule ndege mdogo wa kijivu anayemwita mtu, akamtangulia mti kwa mti mpaka penye nyuki. Mtu anarina asali, ndege anaachiwa nta. Ndio mkataba wao tangu babu wa mababu. Basi mlembe akatua kwenye ua wa Nyanzala.

"Che-che-che. Njoo. Labda ipo."

Nyamizi akainua kichwa. "Labda?"

"Labda."

Akasimama. Akamfuata. Mti ukawa mtupu. Siku ya pili akapata kipande cha sega, kikubwa kama kiganja. Siku ya tatu, patupu. Ya nne, patupu. Akarudi amechubuka magoti, anaona uchungu, na alfajiri iliyofuata alikuwa uani kabla ndege hajafika. Ingekuwapo kila siku, angechoka. Isingekuwapo kabisa, angeketi. Lakini labda! Labda hiyo ilibisha vilango vyake kwa nguvu kuliko asali yenyewe.

Akajifunza kuwasha mwenge wa moshi. Akajifunza kupanda. Akaanguka, akapanda.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Kijana akirina mzinga wake wa kwanza, sega la kwanza hulishusha zima juu ya jani, akampa yule aliyemwamsha. Halikatwi, kwa maana sega lililokatwa hukata nyumba. Anayelila huitwa mama wa mzinga. Kijana huhamia kwenye meko yake, hutundika mizinga kwenye miti yake, humtunza uzeeni. Na asali ikidondoka ardhini kabla ya kutolewa, sega ni la sisimizi, na kijana ni wa kila mtu na si wa mtu yeyote.

Nyamizi alichagua mti wa marehemu baba yake, ambao haukuwa umepandwa tangu azikwe. Nyanzala na majirani wakaja, mlembe akatua tawini, na Kalunde akasimama chini ya mti. Hakuwa amelala karibu na mwanawe tangu siku ya mwimo wa mlango. Akamwona anapanda, anapuliza moshi, anaingiza mkono. Akamwona anashuka na sega juu ya jani, nyuki wawili wakitambaa kwenye nywele zake. Anacheka. Kalunde akakitambua kicheko kile. Ni kilekile cha kidole.

Mlembe akawahi kusema. "Haki yangu siku zote ni nta. Leo nataka sega. Huyu alikuwa amekaa, mimi nikamsimamisha. Shangazi alimpa ulimi, lakini miguu nimempa mimi."

Jirani mmoja akacheka. "Wewe ndege, ukiwa mama wa mzinga, ataishi tunduni?"

"Ataishi msituni, kila siku na labda yake. Kuna maisha gani bora?"

"Na labda yako ikimfikisha kwa chui?" Nyanzala akamuuliza. "Labda haina mwisho, ndege. Huyu wangu. Wewe uliita akasikia kwa kuwa mimi nilimzibua. Ungemwita akiwa kando ya chungu, ungeimba mpaka manyoya yanyonyoke. Nilikaa na njaa yake kama nakaa na mgonjwa. Alama za meno hizi hapa." Akapandisha kitambaa, akaonyesha mkono. "Ninyi nyote mlimpa kitu. Mimi ndiye niliyeweza kumnyima."

Watu wakasogea kuziona alama.

Kisha wakamgeukia Kalunde. Walidhani ataomba radhi. Hakuomba.

"Wifi, ni kweli, mimi ndiye niliyevifunga," akasema. "Nilipenda kwa kata badala ya kidole. Lakini kilango kilichofungwa ni kilango kilichokuwapo, na nani alikifungua kwanza? Kabla ya kidole changu mtoto huyu hakuwa ametaka kitu duniani. Kama asingejua kwamba tamu ipo, kiazi chako angekitafuta kwa kumbukumbu gani? Labda ya ndege ingekuwa labda ya nini? Na siku uliyokuja, mimi ndiye niliyeuachia mwimo. Kunyima mtoto wa kaka yako ni kazi. Kumtoa wako ili anyimwe, ijaribu."

"Umesema vizuri, wifi," Nyanzala akajibu. "Hata aliyechoma nyumba anaweza kusema ndiye aliyeijenga."

"Na aliyejenga haachi kuwa mjenzi."

"Che-che-che," akasema mlembe. "Asali inatiririka."

Ilikuwa kweli. Asali ilikuwa imepita ukingo wa jani, imeshuka kwenye mkono wa Nyamizi. Binti akamtazama mama yake, na kidole chake. Akamtazama shangazi yake, na ule mkono wenye alama. Akamtazama ndege, ambaye tayari alikuwa ameruka kwenda mti wa pili, na miguu yake mwenyewe ikataka kwenda.

"Wote mmeniamsha," akasema. "Na sega halikatwi."

Tone limefika kwenye kiwiko. Limevimba, linaning'inia. Nyamizi ameinua mikono yote miwili. Haya, ninyi mliokaa hapa, semeni kabla halijaanguka: kati ya aliyeonjesha, aliyenyima, na aliyeita, je, nani alistahili sega la Nyamizi?