Afande Kifaru na Gunia la Mama Kanga

Mmeanza. Sijaegemeza hata mgongo, mikono bado inanuka vitunguu, na tayari "Bibi hadithi, Bibi hadithi." Kwani mimi redio? Na msiniombe ile ya binti mrembo wa mfalme. Binti mrembo hana kazi katika hadithi zaidi ya kulia na kuolewa. Leo nitawapa ya polisi. Anayesinzia akalale, na mwenye maswali akamuulize mama yake kesho.

Haya. Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wanakaa kwenye nyumba zenye majiko kama sisi na kugombania mipaka ya mashamba kama sisi, palikuwa na mjane anaitwa Mama Kanga. Mumewe alikuwa amefariki karibuni, akamwachia vifaranga lukuki na gunia moja la karanga. Si karanga za kukaanga! Za mbegu. Na mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma kule milimani. Bila gunia lile, watoto wangekula nini msimu mzima? Vumbi.

Asubuhi moja Mama Kanga akaingia stoo. Gunia hakuna.

"Uwiii! Nimekwisha, jamani! Uwiii!"

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake, Pimbi. Huyu Pimbi alikuwa mwanamke mdogo, mnene kidogo, mkia hana, anakaa juu kwenye mawe, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shoga, punguza sauti, tutazame chini," Pimbi akasema. "Mwizi wako hakupaa."

Kweli bwana. Mlangoni palikuwa na alama za nyayo, zimekaa kwenye vumbi vizuri kama zimechorwa. Na maganda ya karanga yamedondoka njia nzima, kutoka stoo, kupita kisimani, moja kwa moja mpaka kwa Nyani.

Nyani alikuwa mkubwa wa pale. Ana nguvu, ana meno, ana shamba kubwa, na ndiyo kwanza amemaliza nyumba mpya ya matofali. Alikuwa na kila kitu isipokuwa haya. Kabla wanawake wale hawajafika hata kisimani, wakamkuta anakuja mbio huku anahema.

"Pole sana, Mama Kanga! Nimesikia kilio, nikasema hapana, hili jambo la serikali. Nimeshamwita Afande Kifaru!"

Mnaona? Mwizi mwenyewe ndiye aliyeita polisi. Alimjua polisi wake.

Gidi! Gidi! Gidi! Ardhi ikatetemeka. Afande Kifaru huyo, mkanda umemkaba tumbo, firimbi inaning'inia shingoni. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali kuliko pua yake, lakini pua yenyewe ilikuwa ndefu, basi akajihesabu kuwa anaona mbali.

"Hakuna kugusa ushahidi!" akanguruma, akiwa amesimama juu ya zile nyayo.

"Afande, umezikanyaga," Pimbi akamwambia.

"Nimekanyaga nini?"

"Nyayo za mwizi."

Kifaru akainama, akatazama. "Hizi nyayo ni kubwa sana. Vidole vitatu. Mwizi wetu ni mnyama mzito, wa hatari."

"Hizo ni zako, Afande."

"Kimya! Usimfundishe polisi kazi. Na huu uchafu ni wa nani? Mgeni wa serikali anakuja, uwanja umejaa maganda? Hamna ufagio nyumba hii?"

Sasa ninyi mnajua desturi. Mgeni mzito akija, uwanja unafagiliwa, hata kama moyo umevunjika. Mama Kanga akabaki ameduwaa. Ni Nyani aliyeshika ufagio.

"Kaa tu, mama wa watu, wewe una msiba," akasema, na fya! fya! fya! akafagia maganda yote mpaka mlangoni kwake, halafu akayachoma moto. Kifaru akampongeza kwa usafi.

Kisha Afande akasema ataita mashahidi. Akaiweka firimbi mdomoni apulize. Lakini kwa ile jazba, badala ya kupuliza akavuta. Gluk!

Kifaru akapepesa macho. Akapumua. Piiii! Sauti ikatoka tumboni.

"Nani anapiga firimbi ya serikali?" akauliza kwa ukali. Piiii!

Tangu hapo, kila akivuta pumzi, piiii! Mwizi gani angekamatwa na polisi anayejitangaza mpaka kwa kupumua?

Upelelezi ukaendelea. Kifaru akakiona kitu kirefu cheusi kimesimama nyuma ya nyumba.

"Wewe! Mikono juu! Piiii! Jina lako nani?"

Kile kitu kimya.

"Ulikuwa wapi jana? Hujibu? Mkaidi, eh?" Akakizungushia kamba, akakivuta, akakisukuma, akakipiga pembe moja. Puu! Vumbi likamjaa masikioni na siafu wakamwingia ndani ya shati. Kilikuwa kichuguu.

"Ametoroka," Kifaru akasema, huku akijikuna. "Lakini kaacha askari wake. Nimewatambua wote kwa kuumwa."

Akaenda kupekua kwa Ngiri. Mlango wa Ngiri ni wa Ngiri, si wa kifaru. Akaingia kwa nguvu, kraaa! akatokea upande wa pili, fremu ya mlango ipo shingoni kama mkufu. Nyuma yake nyumba ikakaa chini taratibu kama bibi aliyechoka.

"Humu hamna kitu," Kifaru akatangaza.

"Kweli hamna, Afande," Ngiri akajibu. "Hata nyumba hamna tena."

Hapo ndipo Pimbi aliposhindwa kujizuia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Aha! Piiii! Anayecheka penye msiba wa mwenziwe ndiye mwizi!" Kifaru akamdaka, akamfunga kamba. "Fungua mdomo. Mnaona? Meno marefu ya mbele. Meno ya kubangulia karanga! Kesi imekwisha."

Msicheke ninyi, mambo hayakuwa ya kuchekesha tena. Adhabu ya wizi kule ilikuwa kufukuzwa kijijini. Na Pimbi akitolewa kwenye mawe yake, akapelekwa mbugani kweupe, Tai yupo juu anazunguka tangu asubuhi, anasubiri chakula cha namna hiyo hiyo.

Baraza likakaa. Jumbe Tembo kiti cha mbele, Kifaru kulia, wanakijiji wote wameketi, Nyani kajipanga mstari wa kwanza, kavuka mguu juu ya mguu.

"Pimbi," Jumbe akasema, "Afande anasema umeiba. Una neno?"

"Ninalo, Jumbe wangu. Meno ninayo, gunia sina. Gunia lile ni kubwa kuliko mimi na wanangu tukipandiana. Lakini sibishani na Afande. Mkinitupa mbugani leo, nitupeni. Ila mali ya mjane si lazima ipatikane? Naomba Afande amalize kupekua. Apekue kila nyumba."

Watu wakashtuka. Kila mtu akageuka kulitazama lile rundo la matofali lililokuwa nyumba ya Ngiri.

"Kila nyumba?" Nyani akauliza. Mguu ukashuka.

"Aanze na ile mpya, ndiyo yenye nafasi," Pimbi akasema. "Na Afande akipekua, anapekua mpaka chini ya vitanda. Si ndiyo, Afande?"

"Piiii! Mpaka chini ya msingi!" Kifaru akasema, akaanza kusimama.

Nyani akatokwa na jasho. Gunia lilikuwa chini ya kitanda chake, limebaki nusu.

Pimbi akamtazama kwa pembe ya jicho, akaongeza taratibu, "Ingawa, Jumbe, labda tunajisumbua. Labda hakuna wizi hapa. Afande, uliwahi kuchunguza kama ni utani?"

Kifaru hakuwahi kuchunguza chochote, lakini angekubali? "Nilichunguza kabla sijafika!"

Sasa utani wenyewe wa kule ulikuwa hivi. Ukoo wa wenye manyoya ya kurukia na ukoo wa wenye mikia mirefu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele za watu, unacheka. Mtani anaingia jikoni kwako, anabeba chungu, anaondoka, nawe huendi polisi. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi sikuitunga.

"Maana akiwa ni mtani ndiye kachukua," Pimbi akasema, "hapo hakuna kesi. Ni mzaha tu. Tena mwenye mzaha mzito namna hii, kwenye arobaini ya marehemu si ndiye anaonja chakula kabla ya wageni wote?"

"Ndiyo desturi," Jumbe Tembo akasema.

Kifaru alikuwa ameshapiga hatua kuelekea ile nyumba mpya. Gidi! Piiii! Gidi! Piiii!

"Basi! Basi, Afande, rudi!" Nyani akaruka juu. "He he he! Jamani, mmeshindwa kuniona? Ni mimi! Mtani wake Mama Kanga! Nilikuwa namtania tu! Ulikuwa mzaha, he he, nione kama atalia!"

Baraza zima likashusha pumzi. Pimbi akafunguliwa kamba. Kifaru akapiga saluti.

"Kama nilivyosema tangu mwanzo," akasema. "Piiii."

Nyani akapokea pongezi, akaanza kuuliza chakula cha arobaini ni pilau au ni ndizi. Ndipo Mama Kanga aliposimama. Alikuwa ameyasikia yote, na mjane si mjinga. Akaja mpaka mbele yake, akamshika mkono kwa mapenzi yote.

"Mtani wangu! Kumbe nina mtani, nami nahangaika peke yangu! Arobaini ya mume wangu ni keshokutwa. Ukoo wote wa manyoya unakuja. Nilikuwa najiuliza nani atachota maji, nani atapasua kuni, nani atatwanga, nani ataosha masufuria. Si mtani?"

Nyani akacheka kidogo. Kisha akaacha. "Mimi? Nichote maji?"

"Kazi ya msiba ni ya mtani," Jumbe Tembo akasema. "Hiyo nayo ni desturi."

"Lakini mimi ni mtu mkubwa hapa! Nina shamba! Siwezi..."

"Angalia, bwana," Pimbi akamkatisha kwa upole. "Unakasirika. Mtani hakasiriki. Anayekasirika si mtani. Na kama si mtani, basi lile gunia lilichukuliwa na nani, na kwa jina gani?"

Nyani akamtazama Jumbe. Akatazama mbuga kule chini, nyeupe, haina hata mti wa kukwea.

"He," akasema. "He he."

Na arobaini ilifika kweli. Walikuja kwale, korongo, bundi, kunguru na wake zao. Mbuni peke yake alikunywa pipa zima na kuuliza kama maji yameisha. Nyani akapanda na kushuka kisimani mpaka nyayo zikachubuka.

"Mtani, hebu geuka!" Kunguru akampigia kelele mbele ya wakwe. "Ulikalia jiko gani mpaka makalio yakawa mekundu hivyo?"

"He he he," Nyani akasema, meno yamebanana.

Chakula kikaiva. Desturi ni desturi, akaitwa kuonja wa kwanza. Mama Kanga akampa kijiko kimoja.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea."

"Ahsante, mtani. Masufuria yale pale."

Afande Kifaru, mnauliza? Alipandishwa cheo. Mlitegemea nini?

Funzo lenu ni hili, mlishike: ukichukua cha mwenzio ukakiita mzaha, ujue mzaha una kazi zake na utazifanya zote. Nyani alizifanya. Karanga zote alizotafuna alizijazia kutoka ghala lake mpaka gunia likafungwa kwa shida, kisha akalibeba mwenyewe mpaka shambani kwa mjane, akalima kwa jembe lake, akapanda mbegu moja moja, mvua inamnyeshea mgongoni, vifaranga wa Kanga wamekaa ukingoni wanamtukana, naye anacheka.