Kamati Iliyofungwa Macho

Mwaka ambao mvua iliaga isirudi, wanyama wa bonde la Kidawe walibakiwa na kisima kimoja. Mfalme Simba, aliyependa kusifiwa kuliko kunywa, alimpa Fisi Idara ya Usalama akilinde kisima dhidi ya adui. Adui huyo hakuna aliyewahi kumwona. Fisi peke yake ndiye aliyemjua, na alimjua zaidi kila alipotaka kuajiri walinzi wapya, wote wajomba na shemeji zake.

Mwanzo kila nyumba ilipata kibuyu kwa siku. Kikawa nusu kibuyu, kisha kifuu kimoja. "Adui ameongezeka," Fisi alieleza, huku tumbo likimtangulia mlangoni. Sasa aliomba hata kifuu hicho kiondolewe.

Sungura, mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya kuichunguza idara hiyo, aliuma meno. Mama yake mzazi alikuwa kitandani, midomo imempasuka kwa kiu. Kifuu kikiondolewa, angemzika. Akamwita Fisi mbele ya Kamati.

"Maji yanakwenda wapi?"

"Siri ya usalama, Mheshimiwa."

"Na adui ni nani?"

"Siri."

"Umekula nini asubuhi?"

"Mheshimiwa, unataka nchi iangamie?"

Nyani, mjumbe aliyekwisha kuahidiwa kibuyu chake pembeni, akapiga meza. "Mwenyekiti, tusiwavunje moyo vijana wetu walio kazini."

Simba, asiyependa kelele, akaagiza Kamati ikakague kisima. Fisi akatoa masharti: wajumbe wafungwe macho tangu njiani, waape kutosimulia watakachokiona, na wakirudi watie sahihi kwamba mambo ni shwari. Nyani alitia sahihi kabla ya kuondoka, kuokoa muda.

Sungura aliapa, akainamisha kichwa afungwe kitambaa. "Kaza zaidi, Bwana Mkuu," alisema kwa upole. "Usalama kwanza."

Fisi akakaza kwa moyo mkunjufu. Mlafi huwaza tumbo tu, na yale masikio marefu yaliyosimama mbele yake hakuyatilia maanani hata kidogo.

Waliporudi, wanyama wote walikuwa wamekusanyika barazani.

"Haya, Mwenyekiti," Simba alisema, "umeona nini?"

"Sikuona kitu, Mtukufu. Kiapo changu ni kizima."

Fisi akachekelea.

"Ila nilisikia," Sungura aliendelea, "na kuhusu kusikia hakuna aliyeniapisha. Niliwasikia watoto wa Fisi wakijirusha kisimani, chubwi, chubwi. Mama yao akawakaripia, 'Msikojoe humo, hayo ndiyo ya kumpelekea Mfalme.' Mmoja akamjibu, 'Mbona jana tulikojoa, na Mfalme akamsifu baba kwa maji matamu?'"

Kiu ya raia wake Simba aliivumilia miezi mitatu bila kukosa usingizi, lakini hili la mkojo hakulivumilia hata dakika moja. Alikwenda kisimani mwenyewe, macho wazi, akawakuta shemeji, wajomba na watoto wakiogelea.

"Wako kazini, Mtukufu," Fisi alisema. "Wanamsaka adui chini ya maji."

Simba alimpiga kikumbo cha kiuno, na mpaka leo Fisi hutembea nyuma kumeshuka. Ukoo mzima ukatimuliwa bondeni. Nyani aliomba arudishiwe sahihi yake, akaambiwa imeshakauka.

Kisima kikachotwa hadi tope, maji mapya yakachuruzika, na Bunge likapitisha kwamba atakayekilinda atakaguliwa kila siku na wajumbe wenye macho wazi. Sungura alikimbia nyumbani na kibuyu cha kwanza. Mama yake akanywa taratibu, machozi yakimtoka, kisha akauliza, "Na huyo adui, mwanangu, walimpata?"

"Walimpata, mama. Ndiye aliyekuwa akitulinda."

Kikulacho ki nguoni mwako.