Wifi Mwenye Wivu na Mkataba wa Kaimati

Wewe unayesoma huku umebetua midomo, irudishe mahali pake au uache kusoma. Najua unachosema moyoni. Unasema mwenye wivu hajapata kumfaa mtu tangu dunia iumbwe. Umezaliwa juzi, umeyaona mangapi? Mwiba hutolewa kwa mwiba, wala hakuna anayeuuliza mwiba kama una roho nzuri. Soma mpaka mwisho, kisha umpelekee wifi yako, hasa yule msiyesemezana.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanjaa, aliyekaanga kaimati kibarazani kwake kila alasiri. Kaimati unazijua: unga wa ngano, tui, hiliki na hamira, ukichotwa kwa vidole na kudondoshwa kwenye mafuta ya moto, halafu vidonge vinavingirishwa kwenye shira. Kila mwanamke wa mji ule alizipika. Lakini za Mwanjaa zilikuwa za Mwanjaa. Nje ganda linalia, ndani pamba. Ikifika alasiri, foleni ya watu wenye mabakuli ilianza mlangoni kwake ikapita ukuta wa jirani.

Jirani mwenyewe ndiye aliyekuwa wifi yake, Chausiku, dada wa mumewe Sefu. Naye alikaanga kaimati. Zake zilinunuliwa pale tu za Mwanjaa zilipokwisha, na wapo walioona heri warudi nyumbani na bakuli tupu. Zilikuwa ngumu. Mzee mmoja wa mtaani alisema zile hazikuumbwa ziliwe, ziliumbwa za kufukuzia kunguru.

Basi Chausiku akaona wivu. Sisemi wivu wa kununa siku mbili kisha ukapita. Nasema wivu wa kula nao sahani moja. Mwanjaa akivaa kanga mpya, Chausiku ataikagua pindo kwa pindo mpaka aione kasoro. Mwanjaa akisifiwa, Chausiku atashikwa na kikohozi. Alibadili unga, akabadili karai, akabadili hata upande anaoelekea wakati wa kukaanga. Kaimati zikabaki mawe yale yale.

Siku moja, mfungo umekaribia, Bi Hidaya akaja kibarazani kwa Mwanjaa. Huyu Bi Hidaya ndiye mwenye hoteli kubwa ya pale stendi, yenye mafeni darini na meza za vioo.

"Mwanangu, nakutaka hotelini kwangu," akasema. "Mwezi wa Ramadhani tu. Unakaanga kaimati za futari, mimi nakulipa mshahara ambao hapa barazani hujawahi kuuota."

"Na mwezi ukiisha?"

"Ukiisha tunaagana kwa heri. Ila utanitilia saini hapa."

Akatoa karatasi. Haikuwa na maficho, maneno yalikuwa wazi kama mchana: kazi ikiisha, Mwanjaa asikaange wala asiuze kaimati popote katika mji ule kwa muda wa miaka miwili.

Mwanjaa akaisoma, akairudia.

"Bi Hidaya, mbona kazi yangu ndiyo hii? Sina nyingine."

"Ni utaratibu tu, mwanangu. Wenye biashara kubwa wote wanafanya hivyo. Nikutie jikoni kwangu, uyaone mambo yangu, kisha uende nayo mtaani?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa watu wakitoka msikitini, nitakuja kuichukua."

Sefu aliposikia, alicheka peke yake kama mtu aliyeokota fedha.

"Tia saini! Miaka miwili kitu gani? Utauza maandazi."

"Maandazi yangu umeyala, Sefu?"

Sefu alikuwa ameyala.

"Haya, acha maandazi," akasema. "Lakini litazame paa, mke wangu. Mvua ikianza tunahamisha kitanda kama wakimbizi. Mshahara ule ni mabati ya nyumba nzima."

Hapo alisema kweli. Nyumba ilivuja. Mwanjaa akitazama juu anaona mbingu kwenye matundu, akitazama chini anaona karai lililomlisha yeye na watoto. Akashindwa kusema ndiyo, akashindwa kusema hapana.

Habari zikapanda ukuta zikamfikia Chausiku. Zilimwingia kama pilipili ya jicho.

"Hotelini! Chini ya feni! Mimi nipofuke kwa moshi wa kuni, yeye akaangie gesi!" Chai ikapoa mbele yake, asiiguse.

Kesho yake akajifunga kanga ya sikukuu, akazitia kaimati zake kwenye hotipoti, akaenda mpaka stendi.

"Shikamoo Bi Hidaya. Nasikia unatafuta mkaangaji."

Bi Hidaya akachukua kaimati moja, akaigonga juu ya meza ya kioo. Ikalia ko! Akaiweka chini taratibu, asije akavunja meza.

"Wewe nani, mama?"

"Mimi wifi yake Mwanjaa. Kazi yetu moja, mtaa wetu mmoja. Na ile karatasi yako mimi naitia saini hapa hapa. Miaka miwili, mitatu, unavyopenda wewe."

Bi Hidaya akacheka mpaka miwani ikateremka puani.

"Nikufunge wewe? Kwa lipi? Kaanga, dada, kaanga mpaka mafuta yaishe mjini, mimi sipungukiwi na kitu. Ukitaka kibarua, nyuma kule kuna masufuria ya kuosha."

"Kumbe karatasi ni ya Mwanjaa peke yake?"

"Kwani wewe una foleni? Mimi nakaa kwenye kaunta hii kila alasiri, naona wateja wangu wanainuka na chai haijaisha, wanakwenda kibarazani kwa yule mwanamke. Mpishi wa kaimati ninaye, namlipa kila mwezi. Nilichochoka mimi ni kuyaona yale mabakuli yanapita."

Chausiku akalifunika hotipoti lake akatoka. Alishatukanwa sana maishani, lakini tusi hili lilikuwa jipya. Hata kukatazwa hakustahili! Wenzake wanaogopwa mpaka wanaandikiwa mikataba, yeye anaambiwa kaanga upendavyo.

Alipofika katikati ya njia akapunguza mwendo. Lile jicho la Bi Hidaya, la kutazama mabakuli ya watu, alikuwa amelijua. Alilijua kwa sababu ndilo jicho lake mwenyewe pale ukutani kila alasiri. Mwenye wivu humtambua mwenzake hata akivaa dhahabu. Huyu mama hakuwa anatafuta mkaangaji. Alikuwa anataka moto wa Mwanjaa uzimwe, na mwezi mmoja wa mshahara ndiyo maji yenyewe.

Mara likamjia wazo jingine, tamu kuliko shira. Kwani yeye Chausiku anapoteza nini? Anyamaze tu. Ijumaa Mwanjaa atatia saini. Mfungo ukiisha, kibaraza kitakufa, na mtaa mzima utabaki na karai moja, lake. Hata kama mawe, watu watafanyaje? Watatafuna. Alifika nyumbani akaanza kupima kwa hatua mahali pa kuweka benchi la wateja.

Ijumaa watu wakatoka msikitini. Bi Hidaya akaja na karatasi yake. Sefu akamtandikia mkeka mpya, akampa mkewe kalamu, akaikunjua karatasi mwenyewe, akaibana kwa viganja ili isirushwe na upepo. Mwanjaa akaishika kalamu.

Chausiku akaingia, hodi hakupiga.

"Iweke chini hiyo kalamu."

Sefu akaruka. "Dada! Leo usituletee wivu wako humu ndani!"

"Wivu ninao, sijaufunika na kawa. Ndiyo maana mimi namwona huyu mama na wewe humwoni. Wewe unaona bati." Akamgeukia Mwanjaa. "Muulize neno moja tu. Mwambie utakwenda kumkaangia mwezi mzima kwa nusu ya mshahara, lakini bila karatasi. Akikubali, kweli anazitaka kaimati zako. Akikataa, ujue alichokuja kukitafuta."

Bi Hidaya akajitengeneza mtandio. "Huyu si ndiye aliyekuja kwangu na kokoto?"

"Ndiye," akasema Chausiku. "Jibu sasa."

Mwanjaa akamtazama Bi Hidaya. "Mama, nitakuja. Nusu ya mshahara. Karatasi tuiache."

"Bila karatasi sina kazi."

"Basi bure. Mwezi wa toba unakuja, nikukaangie kwa thawabu."

Sefu akamtolea mkewe macho. Bi Hidaya akainamia mkeka, akaivuta karatasi kutoka viganjani mwa Sefu.

"Nimeshasema. Bila karatasi sina kazi."

Mwanjaa akamrudishia mumewe kalamu.

"Basi hukuja kuniajiri, Bi Hidaya. Mtu hukataa mkono wa bure pale tu anapotaka kuukata. Karibu barazani alasiri, ukitaka kununua."

Bi Hidaya akaondoka bila kuaga, hata viatu alivivalia njiani. Sefu akakaa anatazama paa.

"Na mvua?" akauliza.

"Tutatega ndoo, kama mwaka jana. Miaka miwili bila karai, Sefu, ungelala chini ya bati zima na tumbo tupu."

Kisha Mwanjaa akamwendea Chausiku, macho yamemlegea.

"Wifi, ungenyamaza tu mtaa wote ungekuwa wako. Kumbe unanipenda!"

"Nikupende wewe? Nina wazimu?" Chausiku akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mimi nimekuonea wivu tangu siku kaka yangu alipokuleta hapa. Nimekonda kwa ajili yako, mabega haya usiyaone hivi. Leo aje mwanamke wa stendi, wivu wake wa juzi, akuzime kwa kalamu, halafu watu waseme Mwanjaa kashindwa na Bi Hidaya? Mimi nilikuwa wapi? Wa kukushinda wewe ni mimi, tena ukiwa unakaanga. Ukikatazwa na karatasi, nitakuwa nimemshinda nani?"

Mwanjaa akacheka. Akamshika mkono.

"Basi kaa, nikuonyeshe. Unga wako huungoji uumuke, wifi. Kila siku una haraka ya kunitangulia kutia karai motoni, ndiyo maana zinakuwa mawe."

Chausiku akautoa mkono wake.

"Sijakuuliza," akasema. Akatoka nje, akaufunga mlango.

Funzo: Ukiletewa karatasi ya kukukataza kazi ya mikono yako, kabla hujatia saini mwonyeshe anayekuonea wivu, maana rafiki zako watatazama utakachopewa, lakini mwenye wivu ndiye anayejua vizuri ulicho nacho.