Kamba ya Mzee Filoteus

Aitwaye jina hupunguza mwendo. Wajukuu wa Babu Desideri waliisikia methali hii kwenye mkutano wa kijiji, na walipokuwa wakipukuchua mahindi wakamuuliza jina na mwendo vinahusiana nini. Babu akasogeza kigoda, akasema chanzo chake anakijua, kwani kilitokea hapo hapo Litembwe. Akawasimulia hivi.

Barabara ya Litembwe ilipowekwa lami, watu hawakuifurahia kwa muda mrefu. Vijana wa bodaboda waliigeuza uwanja wa mashindano. Walitoboa eksozi ili pikipiki zingurume, walipita mbele ya shule bila kupunguza mwendo, na mama aliyewakemea alijibiwa kwa honi. Watu wakawaita nyigu. Hakuna aliyesema mtoto wa fulani. Ikawa nyigu hawa, nyigu wale.

Mwalimu Eufrasia Kapinga aliishi kando ya barabara hiyo. Alikuwa amefundisha chekechea miaka mingi kabla ya kustaafu, na magoti yake yalikuwa yameanza kugoma. Naye aliwaita nyigu kama wenzake. Kila alipofunga madirisha kuzuia kelele, alijiuliza vijana wa namna ile wametoka wapi.

Siku moja nyigu mmoja akamgonga Noela, mjukuu wa Mzee Filoteus, alipokuwa akivuka kwenda shule. Mtoto akavunjika mguu, na aliyemgonga hakusimama. Mzee Filoteus alikuwa msusi wa vikapu vya kuchumia kahawa, mtu mpole mwenye maneno machache. Tangu siku hiyo hata hayo machache yaliisha.

Koplo Lusekelo, polisi wa kata, akaitisha mkutano. Alikuwa kijana mgeni kutoka Rungwe. Aliwaomba wazazi wawavushe watoto kwa kuwashika mkono, akawasihi watu wasijichukulie sheria mkononi. Kisha akauliza, "Aliyemgonga Noela ni nani?"

"Nyigu," watu wakajibu.

"Nyigu nitamkamataje, wazee wangu? Nipeni jina."

Jina hakuna aliyekuwa nalo. Mwalimu Eufrasia akainamisha kichwa, akaona haya.

Kuanzia kesho yake akawa anakaa kibarazani na kuwatazama vizuri waliokuwa wakipita. Huyu mwenye koti jekundu, si Gebhadi aliyekuwa akitafuna chaki? Na yule anayeinamisha bega la kushoto ni Osmundi wa Winfrida, aliyejificha chini ya meza siku yake ya kwanza darasani. Kadiri alivyowatazama ndivyo moyo ulivyomlainika. Wote walikuwa wamepita mikononi mwake.

Alasiri ya siku ya gulio alimwona Mzee Filoteus ng'ambo ya barabara, amechuchumaa nyuma ya ua wa majani marefu ya mabingobingo. Alikuwa ameshika kamba ya katani. Kamba yenyewe ililala juu ya lami, na ncha yake ya pili ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya upande huu. Pikipiki ikikaribia, mzee angeikaza kamba hiyo tu. Mwalimu akaelewa, na mngurumo wa eksozi ulikuwa tayari unashuka mteremko.

Kwa magoti yale asingeweza kumwahi mzee. Akajikokota mpaka ukingoni mwa lami, akakaza macho, akaona bega la kushoto limeinama.

"Osmundi!" akaita, kwa sauti aliyokuwa akiwaitia watoto waje wanywe uji. "Osmundi wa Winfrida! Njoo hapa, mwanangu."

Mngurumo ukapungua, kisha ukakatika. Pikipiki ikasimama hatua chache tu kabla ya kamba.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana akasema huku akivua kofia. "Kumbe bado unanikumbuka?"

"Marahaba. Nitakusahauje, nawe ulinililia mapajani ukimtaka mama yako?"

Osmundi akatabasamu kwa aibu. Ndipo Mzee Filoteus akainuka, kamba mkononi, na kijana alipoifuata kamba kwa macho mpaka kwenye nguzo, uso ukampauka.

"Baba, ulitaka kuniua?"

"Nyinyi mlimwacha mjukuu wangu barabarani kama mbwa."

Osmundi akafungua kinywa akane. Akamtazama Mwalimu Eufrasia, akaona hawezi kumdanganya.

"Ni mimi," akasema taratibu. "Niliona watu wanakuja na mawe. Niliogopa."

Kamba ikamponyoka mzee. "Sikujua ni wewe," akasema. "Marehemu baba yako nimechuma naye kahawa." Akaketi pale pale chini, akafunika uso kwa viganja.

Mwalimu akamwinua. "Twendeni kwa Koplo, wote wawili," akasema. "Mimi nitakaa katikati yenu."

Osmundi alifikishwa mahakamani, akanyang'anywa leseni kwa muda. Mpaka mguu wa Noela ulipopona, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule, na mtoto akawa anamwendesha kwa kumvuta masikio. Mzee Filoteus alionywa vikali, akaikata ile kamba, akasukia vikapu. Koplo akaagiza kila dereva aandikwe jina lake kwa herufi kubwa kwenye kizibao chake, na wanakijiji wakakubaliana kwamba neno nyigu libaki kwa wadudu. Gebhadi alikataa kizibao. Alihamia mjini na eksozi yake iliyotobolewa, na inasemekana huko anaendesha vile vile, kwani hakuna anayemjua. Waliobaki, wakikaribia shule, walisikia "Kaka Osmundi! Kaka Otmari!" kutoka kwa watoto, nao wakapunguza mafuta na kupunga mkono.

Mnunuzi wa kahawa aliyepita Litembwe akashangaa, akamuuliza Mzee Filoteus wamejenga matuta wapi, mbona hayaoni na pikipiki zinatambaa.

"Matuta hatuna, bwana," mzee akamjibu. "Aitwaye jina hupunguza mwendo."