Jiko la Ulimi Mmoja

Mwanamke mmoja alikuwa na jiko. Si jiko la nyumbani la kupikia watoto. Lilikuwa jiko la shughuli. Mtu akioza binti, akisoma hitima au akirudi hija, alimfuata Bi Mwanakombo uwani kwake, pale Tanga, akamweleza anatarajia watu wangapi. Siku ya siku masufuria makubwa yakapakiwa kwenye mkokoteni, na wanawake wake wakayafuata nyuma, kanga viunoni. Jina lake lilikuwa limekwenda mbali. Watu walisogeza tarehe ya harusi kwa ajili yake, bwana harusi akaambiwa avumilie.

Jikoni mwake mlikuwa na sheria moja, haikuandikwa popote na hakuna aliyeisahau. Anayeonja ni Bi Mwanakombo peke yake. Wengine walimenya, walitwanga, walichochea kuni, walikoroga mpaka mabega yakauma. Lakini upawa wa kuonjea ulikaa mkononi mwake, na ukitoka mkononi ulikaa kwapani. Zamani kidogo mmoja wao, Chausiku, fundi wa viungo kuliko wenzake wote, aliramba mchuzi kidoleni akasema umepungua ndimu. Ulikuwa umepungua kweli. Bi Mwanakombo akatia ndimu, halafu akamwambia mbele ya wenzake kwamba jiko lile lina ulimi mmoja. Tangu siku hiyo Chausiku akawa wa kusugua masufuria. Hakutukanwa, hakufukuzwa. Alihamishwa tu, kama wanavyohamishwa wenye akili huko maofisini, kwa tabasamu na shukrani nyingi kwa mchango wao.

Wenzake walielewa haraka. Mtu mzima akishaonyeshwa mahali pa kunyamaza, haulizi tena. Kuanzia hapo kila jambo likawa la kuombewa ruhusa. Kitunguu kimeiva, Bi Mkubwa? Moto upunguzwe, Bi Mkubwa? Wali ukianza kunuka kuungua, mtu alimtafuta kwanza mwenye jiko, hata kama yuko msalani, ndipo atoe ukuni. Hiyo inaitwa kontroli, na kuna watu wana digrii zake. Naye, ajabu, alikuwa akilalamika kwa majirani kwamba wanawake wale hawajiongezi, kwamba akigeuka kidogo tu kila kitu kinaharibika, kwamba anachoka jamani. Alilalamika huku akitabasamu. Ipo raha fulani katika malalamiko ya namna hiyo. Kila bosi anaijua, ingawa kwenye semina, mbele ya projekta na chupa za maji, huiita mzigo wa uongozi.

Ikaja harusi ya ukoo mmoja mkubwa wa wafanyabiashara. Ukoo ule ukila kwako ukasifu, mji mzima unakufuata. Ukinyamaza, mji mzima unajifanya haukujui. Asubuhi ya harusi hiyo Bi Mwanakombo aliamka na mafua. Pua imeziba, kichwa kizito. Akanywa chai ya tangawizi, akajifunga kanga, akaenda kazini, maana jiko bila yeye lisingewaka.

Supu ya pilau ilipochemka akaonja. Hakusikia kitu. Akadhani chumvi bado, akatia. Akaonja: maji ya moto tu. Akatia tena. Upawa ulikuwa mdomoni kwa mara ya tatu alipong'amua kwamba tatizo haliko kwenye sufuria. Mchele ulikwishaoshwa, unasubiri, na mchele ukishaingia kwenye supu, khalasi, hakuna wa kuutoa.

Akainua macho. Wanawake wake wote walikuwa wameuona mkono ukienda kwenye chumvi na kurudi, ukienda na kurudi. Kila mmoja akainamia kazi yake. Mmoja alikuwa akikatakata nyanya ambayo ilikwishakatwa.

Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaunyoosha upawa. Akawaomba, kwa sauti ya chini wasiyoizoea, waonje mmoja mmoja wamwambie. Wakaonja. Wakaimeza ile supu kali kama maji ya pwani bila kukunja uso, na mmoja baada ya mwingine wakasema iko sawa, Bi Mkubwa, iko sawasawa kabisa, mkono wako ule ule. Hata Chausiku alisema iko sawa, akarudi kwenye masizi yake.

Hawakuwa waovu. Hawakupanga kumkomoa, ingawa mjini ndivyo ilivyosemwa baadaye. Kwa miaka wamekula kwa kusema ndiyo, na asubuhi moja ya kuombwa waseme kweli haikutosha kuwageuza. Walidhani ni mtego. Nani asingedhani?

Mchele ukatiwa. Adhuhuri masinia yakaenda kwenye turubai, na yakarudi yamejaa, yamechokolewa pembeni tu. Hakuna mgeni aliyelalamika. Waungwana wale waliomba maji, wakaomba maji tena, wakashukuru sana, wakasema chakula kizuri. Bi Mwanakombo akasimama uwani akiyatazama masinia, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hata wageni wamemjibu kama wanawake wake.

Baada ya hapo hakuitwa na mtu. Kuku wakaanza kutagia kwenye mkokoteni. Wanawake wakatafuta vibarua kwingine, na lile jiko alilolijenga tangu ujanani likabaki limepoa. Kwanza aliwalaumu wao. Wanafiki wale, alisema, wameniangalia nikizama. Hiyo ndiyo njia fupi, na wakubwa wengi huishia hapo: huajiri wapya, wakawaharibu upya. Yeye alilaumu mpaka akachoka, na alipochoka akajikuta anafikiria ile ndimu.

Ikatokea hitima ya jirani, mtu wa hali ya chini, sufuria moja tu. Akawaita wanawake wake wote. Wa kwanza kuitwa alikuwa Chausiku, naye akamwomba radhi kwa habari ya ndimu, mbele ya wale wale waliokuwapo. Chausiku akaitikia kwa adabu, wala hakuamini. Supu ikachemka. Bi Mwanakombo alikuwa mzima, ulimi umerudi, na kwa makusudi hakutia chumvi hata punje. Akautoa upawa. Wa kwanza akasema iko sawa, Bi Mkubwa. Wa pili akasema tamu hiyo. Wa tatu akasema mashallah, na Chausiku naye akasema iko sawa.

Hakuagiza mchele. Akauzungusha upawa upya. Jua likapanda, wenye hitima wakatuma mtu kuuliza kulikoni, naye akajibu kwamba wasubiri kidogo. Chakula kikichelewa, hata jirani huyu mmoja angempoteza, na baada yake hapakuwa na mwingine. Alilijua hilo. Akavuta kigoda akakaa.

Chausiku akaupokea upawa kwa mara ya pili. Akaonja. Akautazama upawa, akamtazama mwenye jiko.

"Bi Mkubwa, hii haina chumvi. Haina hata chembe, na wewe unajua."

Na Bi Mwanakombo, ambaye mambo yote hayo aliyapanga mwenyewe, akasikia kitu kinamchoma kifuani, ile hasira ya zamani inatafuta pa kutokea. Akaiacha imchome. Akachukua bakuli la chumvi, akamkabidhi Chausiku atie kwa kadiri aonavyo, naye akasogea pembeni, mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi.

Chausiku akatia. Yule aliyesema tamu akaonja, akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba bado kidogo. Wakacheka, mwanzoni kwa woga. Mwingine akasema hata hiliki naona haijafika. Mwingine akambishia, akamwambia wewe shoga hiliki umeijulia wapi. Mchele ukaingia huku wanazozana, na ukaiva.

Wale wafanyabiashara hawakurudi. Wa mtaani walirudi, taratibu, leo sufuria moja, mwezi ujao mawili. Na ulimi wa Bi Mwanakombo haukuacha kuwa bora kuliko ndimi zote jikoni mle. Ila siku hizi alionja wa mwisho, na zipo siku ambazo aliona vigumu mno kusubiri zamu yake.

Sasa wewe mwenye kiti cha kuzunguka, uliyebandika ukutani maneno ya uwazi na ushirikishwaji kwa herufi za kung'aa: kesho ukiuliza kikaoni kama kuna mwenye la kusema, na wote wakajibu kwamba kila kitu kiko sawa, utatoka umefurahi, au utatoka umeogopa?