Posho ya Bi Thuwaiba

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na wali mwadilifu aliyeamuru kila mzee wa mji wake apewe pishi tatu za mtama kila wiki kutoka Baitul-mali. Wazee wakafurahi, wakamwombea dua hadi mwenyewe akaona haya.

Waziri wake, Junaidi, hakuridhika. Alikuwa mcha Mungu, tusimdhulumu. Alichohofia ni kwamba serikali ikiwalisha wazee, watoto watasahau radhi za wazazi. Wali akaona neno lina uzito. Akaagiza aitwe mzee mmoja mkweli aulizwe, na ikithibitika kwamba watoto wameacha kutunza, posho ifutwe mji mzima.

Akaitwa Bi Thuwaiba, mjane ambaye mwanawe, Mikidadi, alikuwa mchukuzi wa maji. Njiani wazee wenziwe wakamsihi aseme bado analetewa chakula, kwani wengine hawakuwa na mtoto wala mjukuu, na posho ndiyo riziki yao. Bibi wa watu akaingia barazani.

Junaidi akamuuliza kwa upole, "Mama, zamani mwanao alikuletea nini?"

"Nusu kibaba cha unga kila siku, mwanangu."

"Na tangu upate posho?"

Angeweza kuzungusha maneno. Akamkumbuka Mola wake, akajibu, "Haleti kitu."

Bi Thuwaiba akaomba ruhusa amalizie.

"Zamani alikuwa analeta, mheshimiwa. Siku hizi anakuja."

Akaeleza kwamba unga ule ulitoka vinywani mwa wajukuu zake. Mikidadi aliuweka kizingitini akaenda zake, akiona haya kukaribishwa kuula. Sasa kila Ijumaa huja na mkewe na watoto, wakala naye sinia moja, wakamkanda miguu, wakacheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Wananiletea njaa yao tu," akasema, "nami sijapata zawadi tamu kama hiyo."

Wali akacheka hadi kilemba kikalegea, na posho ikabaki. Junaidi hakucheka. Yeye kila asubuhi humpelekea mama yake kapu la vyakula kwa mkono wa mtumishi, na uso wa mama huyo hajauona tangu Idi. Akaomba ruhusa ya kutoka. Wali akamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa mama," akasema. "Nakwenda kula."

Ndugu zangu, kumshibisha mzee ni wema mkubwa, na heri mji unaoufanya. Kuketi naye sinia moja, hilo tumeachiwa sisi.